Meli Zilizogeuzwa kwa Sababu ya Kunguni: Ukaguzi wa Mizigo Unamhusuje Mkulima wa Kilifi?

Mwezi wa Februari mwaka 2018, meli kadhaa kubwa za kubeba magari zilifika New Zealand zikitoka Japani. Ndani yake mlikuwa na maelfu ya magari. Wakaguzi walipopanda, walikuta wadudu. Serikali ya nchi hiyo ikaziamuru meli hizo ziondoke zikiwa na mizigo yake, zikatafute mahali pengine pa kusafishwa. Wenye magari wakabaki kusubiri, na wenye meli wakaingia hasara.

Mdudu aliyesababisha yote hayo ni mdogo kuliko punje ya korosho. Hali gari, hali chuma, wala haumi watu. Ni kunguni wa shambani mwenye rangi ya kahawia ambaye hutoa harufu mbaya akiguswa.

Huenda ukauliza, hayo ya New Zealand yanatuhusu nini sisi wakazi wa Kilifi? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, meli za magari kutoka Japani na makontena kutoka Uchina hutia nanga pia katika bandari ya Kilindini, na malori yanayobeba mizigo hiyo hupita Mariakani kila siku. Pili, uchumi wa nyumba nyingi katika kaunti yetu unategemea mwembe, mkorosho na mnazi, na mdudu mgeni akishaingia kwenye miti hiyo huwa hatoki. Makala haya yanaeleza jinsi nchi nyingine zinavyomzuia kunguni huyu, ukaguzi wa mizigo unavyofanyika hapa kwetu, na jambo ambalo wewe mwananchi unaweza kufanya siku kontena au sanduku linapofunguliwa mlangoni pako.

Kunguni huyu ni nani?

Tusimchanganye na kunguni wa kitandani. Huyu ni wa jamii ya wadudu wenye mgongo mpana kama ngao, na katika makala haya tutamwita kunguni anukaye wa kahawia. Wataalamu humwita Halyomorpha halys, na katika hati nyingi za mizigo huandikwa kwa kifupi BMSB. Urefu wake ni kati ya milimita 12 na 17. Vipapasio vyake vina mikanda myeupe, na pembeni mwa tumbo lake kuna madoa meusi na meupe yaliyopangwa kwa zamu.

Asili yake ni Asia ya Mashariki, yaani Uchina, Japani, Korea na Taiwan. Huko ana maadui wake wa asili, hasa nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai yake. Shida huanza anaposafirishwa hadi nchi ambayo maadui hao hawapo.

Marekani ni mfano mzuri. Kunguni huyu alionekana katika mji wa Allentown, jimbo la Pennsylvania, katika miaka ya 1990, lakini hakutambuliwa rasmi hadi mwaka 2001. Katika miaka hiyo yote alikuwa akizaana na kusambaa. Ilipofika mwaka 2010, wakulima wa matufaha katika majimbo ya mashariki walipata hasara iliyokadiriwa kuwa dola milioni 37 kwa msimu mmoja. Baadaye alienea Ulaya, akaharibu mapea huko Italia na karanga za miti huko Georgia.

Namna anavyoharibu ni rahisi kuelewa. Ana mdomo kama sindano. Huuchoma kwenye tunda changa, hutia mate yake, kisha hufyonza utomvu. Tunda hudumaa, hupata makovu na ndani hugeuka kuwa kama kizibo. Anakula zaidi ya aina 100 za mimea, kuanzia matunda, mboga na mahindi hadi miti ya mapambo. Jike hutaga mayai kama 28 kwa wakati mmoja, yakiwa yamebandikwa upande wa chini wa jani, mahali ambapo macho ya mkulima hayafiki haraka.

Wakulima wa minazi hapa Pwani hawatapata taabu kuielewa habari hii. Sisi tunaye kunguni wa minazi, jamaa wa mbali wa huyu, anayefyonza vidaka na vitale hadi vikadondoka kabla ya wakati wake, na ambaye hushambulia pia korosho na maembe. Ndiyo maana wazee wengi hawapendi kuua siafu wa maji moto walio juu ya minazi na mikorosho. Wanajua kwamba siafu hao humfukuza kunguni. Mdudu mgeni huja bila mlinzi kama huyo.

Kwa nini kuna msimu wa kunguni?

Australia na New Zealand zimeweka kanuni maalumu zinazoanza tarehe 1 Septemba na kumalizika tarehe 30 Aprili kila mwaka. Mizigo ya aina fulani kutoka nchi zenye kunguni huyu ikipakiwa melini kati ya tarehe hizo, lazima isafishwe au ikaguliwe kwa namna ya pekee. Kinachohesabiwa ni tarehe ya kupakiwa melini, si tarehe ya kufika.

Tarehe hizo zinafuata maisha ya mdudu mwenyewe. Katika nchi za kaskazini mwa dunia, baridi huanza kuingia mwezi wa Septemba. Kunguni huyu hawezi kustahimili baridi kali akiwa wazi, kwa hiyo hutafuta mahali pakavu, penye giza na pembamba ili ajifiche na kulala hadi baridi iishe. Porini hujificha chini ya magome ya miti iliyokufa. Mjini huingia kwenye dari, ndani ya masanduku, kwenye mashine zilizoegeshwa uani, chini ya boneti ya gari, nyuma ya taa zake na kwenye mpira wa milango. Na hajifichi peke yake. Huweza kukusanyika mamia kwa pamoja.

Sasa fikiria gari, trekta au shehena ya vigae iliyokaa wiki kadhaa katika yadi ya nchi hizo mwezi wa Oktoba. Kunguni wameshaingia. Mzigo unapakiwa, meli inaondoka, inavuka Ikweta na kuingia kwenye joto. Wadudu wanahisi kwamba baridi imeisha, wanaamka na kuanza kutembea. Wakifika upande wa kusini wa dunia wanakuta kiangazi, majani mabichi na matunda machanga. Ni kama mgeni aliyelala njiani na kuamshwa chakula kikiwa mezani.

Kwa hiyo kunguni anukaye ni mdudu mdandiaji. Hasafiri ndani ya chakula chake kama dumuzi anavyosafiri ndani ya mahindi. Hudandia kitu chochote chenye upenyo. Ndiyo sababu mizigo inayoangaliwa zaidi wakati wa msimu si matunda wala mboga, bali magari, mashine, vipuri, vyuma, matofali, vigae na mawe ya kujengea. Mwenye mzigo anaposema, “Mimi nimeagiza gari, sikuagiza mimea,” anasema kweli, lakini hilo halimzuii mdudu.

Mzigo husafishwaje?

Kuna njia mbili kuu zinazokubaliwa. Ya kwanza ni joto. Mzigo huwekwa mahali palipofungwa na kupashwa hadi kila sehemu yake, hata ile inayochelewa kupata moto, ifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 60 kwa dakika 10. Kwa joto hilo mdudu hufa, na gari au mashine haidhuriki.

Njia ya pili ni kufukiza kwa gesi ya sumu ndani ya kontena au chini ya turubai lililozibwa vizuri. Gesi hupenya kwenye mianya ambayo mkono na macho ya mkaguzi haviwezi kufika. Kazi hii hufanywa na watu wenye mafunzo na leseni tu, kwa sababu gesi inayoua mdudu inaweza kumuua mtu pia.

Mizigo iliyo wazi, isiyokuwa ndani ya kontena lililofungwa, hutakiwa kusafishwa kabla ya kufika Australia, kwa kuwa mdudu anaweza kuruka kutoka humo wakati wowote meli inapokaribia nchi kavu. Kontena lililofungwa pande zote lina nafuu, maana linaweza kusafishwa baada ya kufika likiwa bado limefungwa. Meli za magari nazo hukaguliwa zenyewe, kwani wadudu waliotoka kwenye gari moja huweza kuhamia magari mengine au kujificha kwenye sakafu za meli.

Gharama za kusafisha ni kubwa na mara nyingine huchelewesha mzigo kwa siku kadhaa. Hata hivyo nchi hizo zimeona kwamba ni nafuu kumkuta mdudu akiwa bado ndani ya kontena kuliko kumtafuta kwenye mamilioni ya miti. New Zealand imejiandaa hata kwa siku ambayo mdudu atapenya. Mwezi wa Agosti mwaka 2018 iliidhinisha kwamba, endapo kunguni huyo atagunduliwa nchini, nyigu mdogo anayeshambulia mayai yake anaweza kuingizwa na kuachiliwa ili apambane naye.

Sisi tumeshalipia somo hili

Kanuni hizo za msimu ni za Australia na New Zealand. Mizigo inayokuja Kenya inasimamiwa na sheria zetu wenyewe. Lakini somo lenyewe sisi tunalijua, kwa sababu tumeshalilipia zaidi ya mara moja.

Mdudu wa kwanza wa kukumbuka ni dumuzi, yule anayegeuza mahindi ghalani kuwa unga. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania pamoja na shehena za mahindi mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia mwaka 1983 alikuwa ameshaonekana Taveta, mlango wa karibu na kwetu. Tanzania walimwita Skania kwa jina la malori, na baadaye wakulima wa Kenya walimwita Osama. Leo hakuna mkulima wa Ganze au Bamba anayehifadhi mahindi bila kumfikiria. Kila mfuko maalumu wa kuhifadhia nafaka na kila pakiti ya dawa ya ghala ni sehemu ya deni ambalo bado tunalilipa.

Wa pili ni nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa katika Pwani ya Kenya mwaka 2003. Huyu hutaga ndani ya embe, na funza wake hulioza kutoka ndani wakati ganda likiwa bado zuri. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kusitisha yenyewe kupeleka maembe katika soko la Ulaya kwa sababu yake, na haikurejea sokoni hadi mwaka 2021. Mkulima aliyepanda miembe akitarajia bei ya ng'ambo alikaa miaka saba akiuzia madalali kwa bei waliyotaka wao.

Wapo pia wasiokuwa wadudu. Kurabu, yule kunguru mwenye shingo ya kijivu anayeiba vifaranga na kuharibu viota vya ndege wengine, si ndege wa Pwani kwa asili. Alitoka bara Hindi, akafika Zanzibar, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Ndege wa jamii yake wanajulikana sana kwa kudandia meli.

Na safari hizi si za upande mmoja. Kunguni wa bagrada, mwenye madoa meusi, meupe na ya rangi ya machungwa, ambaye wakulima wa kabeji na sukuma wiki nchini wanamfahamu vizuri, aligunduliwa karibu na Los Angeles, Marekani, mwaka 2008, na sasa anawasumbua wakulima wa mboga wa huko. Nchi zinazonunua mazao yetu zinapoyakagua kwa makini, hazitudharau. Zinaogopa kile ambacho sisi pia tunaogopa.

Mombasa nani anakagua nini?

Katika Jedwali la Nne la Katiba, udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo ni kazi ya serikali za kaunti, wakati biashara na nchi za nje ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa maneno mengine, lango la bandari linalindwa na serikali ya kitaifa, lakini mdudu akilipita lango hilo, mzigo wa kupambana naye shambani unaiangukia kaunti na mkulima wake. Ndiyo maana tunaandika habari hii.

Kwa upande wa mimea, mlinzi wa lango ni KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, ambalo lilianzishwa mwaka 1996 na lina wakaguzi bandarini, katika viwanja vya ndege na kwenye vituo vya mpakani. Mtu anayetaka kuingiza mbegu, miche, vipandikizi, matunda, nafaka au mazao mengine ya mimea hufuata hatua hizi:

1. Huomba kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS kabla ya mzigo kuondoka huko unakotoka. Kibali hutaja masharti, kwa mfano mdudu gani lazima mzigo uhakikishwe hana, au dawa gani itumike.

2. Humtumia muuzaji kibali hicho. Muuzaji hukipeleka kwa mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yake, mzigo unakaguliwa huko, na hati ya afya ya mimea inatolewa ikithibitisha kwamba masharti yametimizwa.

3. Wakala wa forodha huwasilisha hati zote kabla mzigo haujafika, ili wakaguzi wajue kinachokuja.

4. Mzigo ukifika, mkaguzi hulinganisha hati na mzigo wenyewe, hufungua na kuangalia, na ikibidi huchukua sampuli za kupimwa.

Baada ya hapo kuna njia nne. Mzigo ulio safi huachiliwa. Mzigo wenye tatizo linaloweza kutibika husafishwa au kufukizwa. Usiotibika hurudishwa ulikotoka au huharibiwa. Gharama za hatua hizo humwangukia mwenye mzigo. Mimea hai inayohitaji kuangaliwa kwa muda mrefu hupelekwa katika kituo cha karantini cha Muguga, na haitoki huko hadi wataalamu waridhike.

Makosa yanayowagharimu watu wengi hayatokani na nia mbaya. Kosa kubwa ni mpangilio wa hatua: mtu hununua kwanza, husafirisha, kisha hutafuta kibali mzigo ukiwa tayari baharini. Kibali hutangulia. Ukikiomba mzigo ukiwa umeshafika, huwezi tena kutimiza masharti ambayo yalipaswa kutimizwa huko ulikotoka, na kila siku unayobishana bandarini ada za kuhifadhi zinapanda.

Angalia mbao, si bidhaa tu

Mashine inaweza kuwa mpya kabisa na vigae vikawa havina vumbi, lakini vimefungwa ndani ya kreti za mbao au kupangwa juu ya paleti. Mbao mbichi hubeba bungua na wadudu wa magome. Kwa sababu hiyo kuna kanuni ya kimataifa inayotaka mbao za kufungia mizigo zipashwe joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini chake kwa dakika 30 mfululizo, au zisafishwe kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kisha zigongwe muhuri. Muhuri huo una picha ya suke la ngano, herufi IPPC, alama ya nchi, namba ya aliyesafisha na herufi zinazoonyesha njia iliyotumika. Herufi HT zina maana ya joto.

Unapoagiza mzigo wowote, mwambie muuzaji mapema kwamba mbao zote ziwe na muhuri huo na akutumie picha kabla hajapakia. Picha hiyo haikugharimu kitu, na inaweza kukuepusha na gharama kubwa bandarini. Mwambie pia asafishe gari au mashine vizuri chini na ndani. Udongo uliokauka kwenye magurudumu ya trekta unaweza kuwa na mbegu za magugu, mayai ya wadudu na minyoo inayoshambulia mizizi.

Kontena au sanduku likifunguliwa kwako

Hakuna bandari duniani inayoweza kufungua kila sanduku na kuchungulia kila upenyo. Mara nyingi jicho la kwanza kumwona mdudu mgeni ni la mpakuaji mizigo, fundi wa gari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi au mtoto anayecheza uani. Kwa hiyo fuata utaratibu huu:

• Kama kontena lina kibandiko cha onyo la kufukizwa, usiingie hadi uhakikishwe kwamba gesi imetolewa. Hata kama halina kibandiko, fungua milango yote miwili na uache hewa ipite kabla mtu hajaingia.

• Angalia pembe za kontena, mpira wa milango, chini ya paleti na ndani ya mikunjo ya karatasi na nailoni. Kwa gari, angalia chini ya boneti, nyuma ya taa, kwenye fremu za milango na mahali pa tairi la akiba.

• Ukiona wadudu hai usiowajua, usiwafagie nje na usikimbilie kupulizia dawa. Funga mlango ili wasitoke.

• Mweke mmoja au wawili kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, na upige picha. Andika mzigo ulitoka nchi gani na ulifika lini.

• Mpigie afisa wa kilimo wa wadi yako au ofisi ya KEPHIS iliyo karibu. Usiwabebe wadudu hao wakiwa hai kwenye matatu au bodaboda kuzunguka nao ukiuliza watu.

• Usitupe kreti, majani makavu wala karatasi za kufungia kando ya shamba kabla ya kuhakikisha ziko salama.

Maswali ambayo wakazi huuliza

Je, kila kunguni anayenuka ni hatari? Hapana. Tuna aina nyingi za wadudu wa jamii hii ambao ni wenyeji, na baadhi yao hula viwavi na kumsaidia mkulima. Huhitaji kumtambua wewe mwenyewe. Kinachotakiwa ni kutilia shaka mdudu usiyemzoea, hasa akiwa ametoka ndani ya mzigo wa ng'ambo au wakiwa wengi mahali pamoja. Kutambua ni kazi ya mtaalamu.

Je, nikiripoti nitanyang'anywa mzigo wangu? Ripoti ya mapema ndiyo inayokupa nafasi nzuri zaidi ya mzigo wako kusafishwa ukiwa bado mahali pamoja. Ukinyamaza na mdudu akaonekana baadaye kwenye miembe ya jirani, hakutakuwa na njia ya kumrudisha kontenani.

Ndugu yangu anafanya kazi katika nchi za Ghuba na anataka kuniletea miche ya mitende. Kuna ubaya gani? Miche ya mitende ndiyo njia iliyomsambaza fukusi mwekundu wa mitende katika nchi za Ghuba tangu miaka ya 1980. Funza wake hula shina kutoka ndani, na mti huonekana mzima hadi siku unapoanguka. Mdudu huyo hushambulia mnazi pia. Mwambie ndugu yako asiweke mche, mbegu wala udongo kwenye sanduku la nguo. Kama unataka kweli kupanda mitende, anza na kibali cha KEPHIS.

Nina biashara ya kupeleka bidhaa Australia. Msimu wa kunguni unanihusu? Orodha ya nchi na ya bidhaa zinazohusika hupitiwa upya kila msimu. Muulize wakala wako wa meli kabla ya kupakia, hasa kama mzigo wako utashushwa na kupakiwa upya katika bandari ya nchi nyingine njiani.

Mbona ukaguzi unachelewesha biashara? Ni kweli mkaguzi anapofungua mzigo, muda unapita na pesa zinapita. Mwenye mzigo ana haki ya kuelezwa sababu ya kuzuiwa na hatua inayofuata. Lakini mkulima wa Magarini ambaye hajaagiza chochote kutoka nje naye ana haki ya kutoletewa adui shambani mwake na mzigo wa mtu mwingine.

Wananchi ndio macho ya mwisho

Katika habari ya Allentown, kati ya siku kunguni alipoonekana mara ya kwanza na siku alipotambuliwa rasmi ilipita miaka kadhaa. Watu walimwona kwenye kuta na madirisha yao, wakamwondoa kwa ufagio na kuendelea na shughuli zao. Hakuna anayeweza kuwalaumu, maana hawakujua wanachokiona. Sisi tumeshajua.

Msimu wa maembe ukikaribia, mkulima huzunguka miti yake akihesabu maua yaliyoshika. Anajua idadi ya ada za shule iliyoko juu ya kila mti. Ukifungua sanduku lililotoka ng'ambo na ukaona kitu kinatembea, mkumbuke mkulima huyo. Funga kifuniko, kisha piga simu.